UZI: Filamu ya Lee Atwater, mmemtazama fundi mkaisahau karakana

#1. Karani wa Kura (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna dokumentari ya mwaka 2008 ya Stefan Forbes, Boogie Man: The Lee Atwater Story. Haifiki dakika 90. PBS, televisheni ya umma ya Marekani, waliirusha kwenye kipindi cha Frontline Novemba mwaka huohuo, wiki moja tu baada ya Obama kuchaguliwa. Inamhusu Lee Atwater, kijana wa South Carolina aliyeongoza kampeni ya urais ya George H. W. Bush mwaka 1988, akawa mwenyekiti wa kamati kuu ya Republican akiwa na miaka 37, na akafariki Machi 1991 kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 40.

Wengi wakimaliza kuitazama wanabaki na gitaa, kicheko chake, na ile sura iliyovimba kwa dawa. Hoja yangu ni kwamba filamu imemchora fundi vizuri hadi karakana imebaki gizani. Uzi huu ni wa karakana.

Tuanzie Mei 1988. Kura ya maoni ya Gallup inamweka Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts na mgombea wa Democratic, mbele ya Bush kwa takriban pointi 16. Atwater anampa mkuu wake wa utafiti, Jim Pinkerton, kadi ya inchi 3 kwa 5 na kumtaka airudishe ikiwa imejaa hoja za kumwangusha Dukakis. Ule udogo wa kadi una maana. Hoja inayohitaji karatasi nzima haiingii kwenye tangazo la sekunde 30. Hoja moja Pinkerton aliiokota kwa Wademokrati wenyewe: Aprili, kwenye mdahalo wa mchujo wa New York, Al Gore alimbana Dukakis kuhusu wafungwa wa Massachusetts kupewa ruhusa za kutoka gerezani mwisho wa wiki.

Kisha Paramus, New Jersey. Makundi mawili ya majadiliano, watu kama 15 kila moja. Wote waliwahi kumpigia Ronald Reagan, rais wa Republican aliyekuwa madarakani, na sasa walikuwa wanaelekea kwa Dukakis. Nyuma ya kioo cha upande mmoja wamekaa Atwater, Roger Ailes wa matangazo, Robert Teeter wa kura za maoni, na washauri wa Bush, Nicholas Brady na Craig Fuller. Msimamizi anaanza kuwasomea watu mambo mamoja mamoja: Dukakis alizuia kwa kura ya turufu sheria ya 1977 ya kuwataka walimu waongoze kiapo cha bendera, anapinga adhabu ya kifo, jimbo lake limewapa ruhusa za mwisho wa wiki hata wauaji wa kifungo cha maisha. Jioni inapoisha, karibu nusu ya wale 30 wamehama.

Hapa ndipo watazamaji wengi hujikwaa. Watu 30 si kura ya maoni. Huwezi kusema "nusu ya Wamarekani wangehama". Kundi la majadiliano linakuonyesha *neno gani* linamfanya mtu anyanyue kichwa, na anarudia kwa maneno gani akiwaeleza wenzake. Ukubwa wa mhemko unaupima baadaye, kwa sampuli ya mamia ya watu. Teeter alikuwa na kazi hiyo. Kilichopatikana Paramus ni kingine: ushahidi wa kumpelekea Bush nyumbani kwake Kennebunkport ili akubali kushambulia, jambo ambalo hakulipenda mwanzoni. Kioo kile kilimshawishi mgombea kabla hakijamshawishi mpiga kura yeyote.

Karibuni.

#2. Bundi

Mkuu, kwa nini wachukue waliokuwa wanaelekea kwa Dukakis? Si wangewasikiliza wa kwao?

#3. Karani wa Kura

Wa kwao tayari wako mfukoni, ukiwaweka chumbani wataitikia tu. Na wapinzani sugu hawahami. Unachuja upate mtu mwenye miguu miwili kwenye mitumbwi miwili. Ukikosea kuchuja, jioni nzima imepotea. Kosa la pili ni kuchanganya makundi: akiingia msemaji mmoja mwenye sauti kubwa, wengine wanakuwa waitikiaji wake. Ndiyo maana huwa yanafanywa makundi mawili au zaidi kwa maswali yaleyale. La pili likitoa jibu tofauti kabisa, ujue la kwanza lilitekwa na mtu.

#4. Mkanda wa Zamani

Naomba niingie kwenye matangazo yenyewe, kwa sababu filamu inayapitia kwa kasi na watu wanayachanganya. Ukimwuliza mtu "tangazo la Willie Horton", atakusimulia matangazo mawili kana kwamba ni moja. Kuchanganya huko ndiko kulikotakiwa.

Kwanza historia kwa ufupi. William Horton (hilo "Willie" wamelibandika wengine) alifungwa maisha kwa mauaji ya 1974. Juni 1986 alipewa ruhusa ya mwisho wa wiki, hakurudi. Aprili 1987 aliwavamia wachumba wawili huko Maryland, akamchoma kisu mwanamume na kumbaka mwanamke. Hayo ni kweli na ni ya kutisha. Kweli pia ni kwamba mpango wa ruhusa ulianzishwa mwaka 1972 na gavana wa Republican, Francis Sargent. Kwamba Dukakis mwaka 1976 alipiga turufu muswada wa kuwatoa wauaji wa daraja la kwanza kwenye mpango huo. Na kwamba Aprili 1988 alisaini sheria ya kuwatoa. Kwa hiyo matangazo yaliporushwa, sera iliyokuwa inashambuliwa ilikuwa imeshakufa kwa miezi mitano.

Sasa mfumo wa njia tatu.

Njia ya kwanza: tangazo *lenye sura*. Lilitengenezwa na Larry McCarthy, aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya Ailes, kwa ajili ya kamati iliyosajiliwa kama huru, National Security PAC. Ndani ya sekunde 30 unaona picha ya Bush, picha ya Dukakis, kisha picha ya polisi ya Horton, mtu mweusi, huku maneno yakitajwa: kumchoma kijana visu mara 19, ruhusa 10, utekaji, ubakaji. Lilianza Septemba 21 likaondolewa Oktoba 4.

Njia ya pili: tangazo *lisilo na sura*. Hili ni la kampeni yenyewe, lile la mlango unaozunguka. Lilianza Oktoba 5. Tazameni tarehe tena: la kwanza limeshuka leo, la pili limepanda kesho yake. Ni picha za rangi nyeusi na nyeupe tu, mwendo wa taratibu, wanaume wakiingia na kutoka gerezani. Lilipigwa kwenye gereza la Utah, si Massachusetts, na waliomo si wafungwa wa kweli. Horton hatajwi kabisa. Hana haja ya kutajwa, kwa sababu mtazamaji alishaletewa sura yake wiki mbili nzima na tangazo la kwanza. Anajaza pengo mwenyewe.

Ndani ya hili la pili kuna ufundi wa kuunga sauti na maandishi ambao unastahili kusimamishwa fremu kwa fremu. Sauti inazungumzia wauaji wa daraja la kwanza wasioruhusiwa kuachiliwa mapema. Wakati huohuo maandishi yanasema 268 walitoroka. Ubongo unaunganisha: wauaji 268 wametoroka. Hakuna mtu aliyetamka sentensi hiyo. Kathleen Hall Jamieson, mtafiti wa lugha ya siasa, aliichambua: kati ya wale 268 waliotoroka katika vipindi viwili vya kwanza vya Dukakis, wauaji wa daraja hilo walikuwa wanne tu. Na kati ya wanne hao, aliyeteka na kubaka ni mmoja. Horton.

Njia ya tatu ni karatasi. Republican wa Maryland walituma barua ya kuchangisha fedha yenye picha za Dukakis na Horton pamoja, wakiuliza kama hii ndiyo timu ya kutetea familia. Illinois nako kulikuwa na vipeperushi vinavyosema wauaji, wabakaji na wauza dawa wa Massachusetts wanampigia Dukakis. Karatasi inafika kwenye sanduku la barua la mtu bila mwandishi wa habari kuiona mapema. Ikigundulika, kampeni ya taifa inasema: hao ni watu wa jimbo, hatukuwatuma.

Kila njia ina mlango wake wa kukana.

#5. Bundi

"Mtazamaji anajaza pengo mwenyewe." Hii nimeibeba.

#6. Mzee wa Takwimu

Uzi mzuri, lakini naona mnaanza kuukoleza chumvi kama filamu ilivyofanya.

Pangeni tarehe. Julai, baada ya mkutano mkuu wa Democratic, Dukakis anaongoza kwa pointi 17. Agosti 15 hadi 18 Republican wanakutana New Orleans. Mwisho wa Agosti Bush ameshampita. Tangazo la kwanza la Horton ni *Septemba 21*. Linawezaje kusababisha jambo lililotokea mwezi mmoja kabla yake?

Kuna na hili: uchumi ulikuwa unakua, hakukuwa na vita, ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya asilimia 6, na rais aliyekuwa madarakani alipendwa. Chama tawala kikiwa na hali hiyo, mara nyingi kinashinda. Pointi 17 za baada ya mkutano ni joto la mkutano, hupoa lenyewe. Bush alimaliza na asilimia 53.4, majimbo 40, kura 426 za wajumbe wanaomchagua rais. Tofauti ya ukubwa huo haibebwi na sekunde 30 za picha moja.

Dokumentari inahitaji mtu mmoja aliyefanya jambo moja likaleta tokeo moja. Hesabu haiko hivyo.

#7. Karani wa Kura

Nakubali nusu, Mzee. Tangazo halikugeuza uongozi, hilo umeshinda na sitalirudia. Lakini shambulio halikuanza na tangazo. Bush mwenyewe alianza kuzungumzia ruhusa za wafungwa kwenye hotuba Juni, wiki chache tu baada ya Paramus, na jarida la Reader's Digest likatoa makala ndefu Julai. Kiapo cha bendera kilipigwa kama ngoma kiangazi chote. Septemba tangazo lilipofika, shamba lilishalimwa. Kwa hiyo usipime tangazo, pima hoja tangu Juni. Hata hivyo uchumi unabaki na sehemu yake kubwa, na filamu kweli haiupi nafasi.

#8. Mzee wa Takwimu

Hapo tumeelewana. Karibu.

#9. Dawati la Habari

Niongeze upande wa mashahidi. Dokumentari ya marehemu ina tatizo ambalo ya mtu aliye hai haina: mhusika hajibu, na kila anayemsemea ana deni au anadai. Kabla hujaamini sentensi yoyote ya filamu hii, jiulize aliyeketi kwenye kiti anasimama wapi.

Ed Rollins ndiye aliyeongoza kampeni ya Reagan 1984, Atwater akiwa naibu wake. Ana maneno matamu kuliko wote, na ndiye mwenye uchungu kuliko wote. Roger Stone na Atwater walikuwa washirika kwenye kampuni ya ushawishi ya Black, Manafort na Stone. Anapomsifu Atwater anajisifu na yeye. Tucker Eskew ni mwanafunzi wake wa South Carolina. Mary Matalin alikuwa mkuu wa ofisi yake kwenye kamati ya chama. Dukakis ni aliyepigwa. Tom Turnipseed ni aliyepigwa mapema zaidi. Ishmael Reed ni mwandishi, anaangalia kutoka nje.

Mfano wa kwa nini hili lina uzito: ile habari ya Biblia. Filamu karibu na mwisho inampa Rollins nafasi ya kueleza kwamba Biblia iliyokutwa baada ya Atwater kufa ilikuwa bado kwenye nailoni yake, haijafunguliwa. Ukumbi mzima unaguna. Rudisha nyuma usikilize tena: Rollins anasema aliambiwa na Matalin. Ni habari ya kuambiwa, imetoka kwa mshindani wake wa zamani, na imewekwa pale ambapo mtazamaji anaamua kama toba aliyoitangaza Atwater akiwa mgonjwa ilikuwa ya kweli. Kwenye chumba cha habari hiyo isingepita bila kumpigia simu Matalin.

Toba nayo ina karatasi zake. Ipo barua ya Juni 1990 kwa Turnipseed. Ipo makala ya jarida la Life ya Februari 1991, ambamo anajutia matamshi mawili dhidi ya Dukakis: kwamba angembandua magome kama mti, na kwamba angemfanya Horton mgombea mwenza wake. La kwanza alilijutia kwa ukatili wake. La pili, kwa sababu lilimfanya *aonekane* mbaguzi, na hapohapo akasema yeye si mbaguzi. Makala ile aliiandika pamoja na mwandishi mwingine. Wanaosema "alikiri kila kitu" hawajaisoma. Alijutia maneno. Mbinu hakuigusa.

#10. Bundi

Kumbe nailoni ilikuwa na mtu wa kati 😂

#11. Wembe

Turnipseed ametajwa, basi tusipite haraka, maana pale ndipo kiwanda kidogo kilipojaribiwa kabla ya kile kikubwa.

1980, South Carolina. Atwater yupo upande wa mbunge Floyd Spence, mpinzani ni Turnipseed, Mdemokrati aliyewahi kuwa mtu wa George Wallace, gavana wa Alabama aliyetetea ubaguzi wa rangi, kisha akageuka mtetezi wa haki za weusi. Wapiga kura weupe wa vitongojini wakaanza kupigiwa simu na "watafiti wa maoni" wanaowajulisha kwamba Turnipseed ni mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Halafu kwenye mkutano na waandishi akapandikizwa mtu wa kuuliza juu ya tiba ya shoti ya umeme aliyopewa Turnipseed kwa ugonjwa wa sonona akiwa kijana. Atwater baadaye aliwadokeza waandishi kwamba jamaa aliwahi kufungwa nyaya za kuwashia gari. Dhihaka ile ilisambaa kuliko habari yenyewe, kwa sababu inarudiwa kwa urahisi.

Zile simu zina jina la kitaalamu Marekani, lakini kwa lugha yetu ni kampeni iliyovaa koti la utafiti. Namna ya kuitofautisha na utafiti halisi:

Muda. Utafiti wa kweli kwa kawaida unachukua dakika kadhaa. Simu ya uzushi haifiki dakika moja au mbili, maana lengo ni kufikisha sentensi moja na kuhamia namba inayofuata.

Idadi. Utafiti unahitaji watu 600 (makosa ya sampuli kama pointi 4 juu au chini) au 1,000 (kama pointi 3). Zaidi ya hapo unatupa hela. Simu ya uzushi inataka maelfu kwa maelfu, kwa sababu kila simu ni kipeperushi.

Maswali ya mwisho. Utafiti utakuuliza umri, elimu, ulimpigia nani safari iliyopita, kwa kuwa bila hayo majibu hayachambuliki. Mzushi hana haja nayo.

Na majibu yako: mtafiti anayaandika. Mzushi ameshakata.

Ila angalizo: kampeni halali nazo hujaribu hoja kali kwenye simu ("ungejua kwamba mgombea fulani alipiga turufu sheria fulani, ungebadili kura?"). Huo ni upimaji wa hoja, na ni halali endapo sampuli ni ndogo na hoja ni ya kweli. Kila swali kali si uzushi. Idadi ya simu ndiyo inayosema ukweli.

#12. Mkanda wa Zamani

@Wembe hiyo ya nyaya ni somo la peke yake. Alipandikiza swali, kisha akajiweka pembeni kama mtu anayechekeshwa tu na jibu. Milango ileile ya kukana niliyoisema #4.

#13. Ngome

Nimesoma kimya hadi hapa. Mnamsema Atwater kana kwamba upande wa pili walikuwa wamefungwa mikono. Dukakis mwenyewe amekiri mara nyingi, na kwenye filamu hafichi, kwamba aliamua kutojibu na kwamba hilo lilikuwa kosa lake.

Tazama jinsi lilivyomgharimu. Bendera: alikuwa na jibu la sekunde 20. Mahakama kuu ya jimbo ilimshauri kwamba sheria ile inakiuka katiba, na Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua tangu 1943, kwenye kesi ya Barnette, kwamba mtoto halazimishwi kula kiapo. Yeye akalieleza kama mwanasheria, kwa utaratibu na kwa kuchelewa. Ruhusa za wafungwa: serikali ya shirikisho ilikuwa na mpango wake chini ya Reagan, na California ilikuwa na wake Reagan akiwa gavana. Tangazo la kulijibu hilo lilifika Oktoba, mshono ukiwa umeshakauka.

Septemba 13 akapanda kifaru cha vita kwenye kiwanda cha General Dynamics huko Sterling Heights, Michigan, na kofia ile kubwa. Picha ya ulinzi ikageuka katuni, na kampeni ya Bush ikaifanya tangazo. Oktoba 13, swali la kwanza la mdahalo: msimamizi, Bernard Shaw, anamwuliza kama angetaka adhabu ya kifo kwa mtu ambaye angembaka na kumuua mkewe. Akajibu kwa sera tupu, bila uso kubadilika.

Mbinu ya Atwater inafanya kazi juu ya mgombea ambaye watu hawajamjua bado. Anayekuelezea wa kwanza ndiye anayekuchora. Ikipita siku tatu bila jibu, mchoro wa adui ndio unaotundikwa ukutani. Timu ya Clinton ya 1992 iliyojifungia Little Rock ilijengwa juu ya kosa hili moja: kila shambulio lijibiwe kabla ya taarifa ya habari ya jioni, na jibu liende kwa waandishi kwa faksi pamoja na ushahidi.

#14. Karani wa Kura

@Ngome hapo umegusa mshono. Nakazia moja: jibu la Dukakis la Oktoba halikuchelewa tu, lilikosea umbo. Alijibu mhalifu kwa mhalifu, akatafuta mfungwa wa shirikisho aliyeua akiwa nje. Ukifanya hivyo umekubali kwamba uchaguzi unahusu wahalifu. Unacheza uwanja wa mwenzako kwa mpira wake.

#15. Dawati la Habari

Na sisi wa habari tulikuwa njia ya nne ambayo Mkanda hakuitaja.

Tangazo la kamati huru lilinunuliwa muda mchache, hasa kwenye televisheni za kebo. Lililolifikisha nchi nzima ni taarifa za habari zilizolirusha *kama habari*, bure. Mbaya zaidi, namna ya kulirusha. Mwaka 1988 na hata baadaye, mwandishi alikuwa anajaza kioo kizima kwa tangazo, kisha anasema kwa sauti kwamba lina upotoshaji. Jamieson na wenzake walipopima waligundua kwamba picha inashinda sauti: mtazamaji anakumbuka tangazo, hakumbuki masahihisho. Wengine walidhani ni tangazo tu limerudiwa.

Suluhisho walilopendekeza ni la kifundi kabisa, na lilianza kutumika uchaguzi wa 1992. Usijaze kioo. Liweke tangazo ndani ya kisanduku kinachofanana na televisheni, kiinamishe kidogo ili jicho lijue hiki ni kitu kinachochunguzwa. Bandika lebo ya "tangazo la kampeni" muda wote. Zima sauti yake kwenye sehemu ya uongo, na maandishi ya masahihisho yapite *juu ya picha yenyewe*, siyo baada yake. Kituo kikikosa muda wa kufanya yote hayo, ni afadhali kisome maneno ya tangazo bila kuonyesha picha.

Sasa tazama dokumentari kwa kipimo hicho. Mara ngapi matangazo yanajaza kioo kizima, na muziki juu? Filamu inayolaani picha inaishi kwa picha ileile. Sisemi Forbes angefanya vingine, mtazamaji wa 2008 alihitaji kuyaona. Nasema hesabuni.

#16. Wembe

Bango la Boston pia. Tangazo la Bush la bandari chafu lina bango la hatari ya mionzi, marufuku kuogelea. Lilikuwa la jeshi la wanamaji, la kuwaonya watu wao mahali palipokuwa na nyambizi za nyuklia. Halikuhusu uchafu wa Dukakis hata chembe.

#17. Bundi

Swali: ile sauti ya Atwater akieleza jinsi maneno ya ubaguzi yalivyobadilishwa kuwa "kupunguza kodi", mbona siioni kwenye filamu?

#18. Karani wa Kura

Kwa sababu filamu ni ya 2008, na sauti kamili ilitolewa na jarida la The Nation Novemba 2012. Mahojiano yenyewe ni ya 1981, na mtafiti Alexander Lamis. Kabla ya 2012 maneno yalijulikana kwa maandishi tu.

Ukiisikiliza, sikiliza yote, inazidi dakika 40. Kile kipande maarufu kinaeleza ngazi: 1954 mtu anatamka tusi waziwazi, baadaye tusi linamharibia, anahamia "haki za majimbo" na kupinga mabasi ya shule ya kuchanganya watoto weupe na weusi, baadaye zaidi anazungumzia kodi, jambo la kiuchumi tupu ambalo athari yake moja ni weusi kuumia kuliko weupe. Watetezi wake wanasema hapo alikuwa anadai kwamba suala la rangi linafifia kwa sababu limekuwa la mbali kiasi hicho. Wapinzani wanasema ameeleza ramani. Kwa maneno yenyewe, zote mbili zinasomeka. Kilicho wazi ni kwamba aliijua ngazi, kila kipago.

Na hapa kuna utafiti unaogombaniwa. Tali Mendelberg wa Princeton alisema ujumbe wa rangi unafanya kazi ukiwa umefichwa, na kwamba mwanasiasa mweusi Jesse Jackson alipousema kwa jina lake Oktoba 1988, nguvu yake ilipungua. Huber na Lapinski wakapinga mwaka 2006, kwamba majaribio yao hayakuona tofauti hiyo. Mwanakampeni anayeamua kati ya kukaa kimya na kuutaja ubaguzi kwa jina bado hana jibu la hakika kutoka maabara.

#19. Mkanda wa Zamani

Nimalizie kwa ule mlango wa kukana, maana watu wanauliza: je, kampeni iliwasiliana na kamati huru?

Sheria ilikuwa hivi. Mwaka 1988 kila mgombea aliyekubali fedha za umma alipewa dola milioni 46.1 kwa uchaguzi mkuu, na huo ndio ulikuwa ukomo wake. Kamati ikimchangia mgombea moja kwa moja, mwisho dola 5,000. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa Buckley mwaka 1976, kamati inayotumia fedha *bila kushauriana* na mgombea haina ukomo. Kwa hiyo neno lenye thamani kuliko yote ni "bila kushauriana". Ukithibitisha simu moja, kikao kimoja, mchango uliozidi unakuwa kosa.

Kwenye filamu Roger Stone anasimulia kwamba Atwater alimwonyesha tangazo la Horton mapema, akieleza kuna watu watalilipia. Stone anasema alimwonya. Kama ni kweli, ni ushahidi wa kile ambacho kampeni ilikikana. Lakini ni Stone anayesema, Atwater amekufa, na Dawati ameshaeleza #9 tuwapime vipi hawa.

Malalamiko yalifikishwa mwaka 1990 kwenye tume ya shirikisho ya uchaguzi na Wademokrati wa Ohio. Kisheria tume ile ina makamishna sita, si zaidi ya watatu kutoka chama kimoja, na hatua yoyote inahitaji kura nne. Walipopiga kura kama waendelee, ilikuwa 3 kwa 3. Faili likafungwa.